Kundi lisilo na mwenyekiti au kikundi chenye cheti: njia mbili za kupigania mtaa, kutoka Kisumu hadi Nakuru

Tuseme watu arobaini wa Obunga, Kisumu, wamechoka na bomba linalotoa maji siku moja kwa wiki. Au wapangaji wa ploti tatu za Kaptembwo, Nakuru, wameongezewa kodi ya nyumba mara mbili mwaka huu. Wakikutana Jumapili jioni, kabla chai haijapoa watakuwa wamegawanyika. Upande mmoja unasema tusijiandikishe popote, tusimchague mwenyekiti, tusimwombe mtu ruhusa, tufanye wenyewe. Upande wa pili unasema tupate cheti, tuandike ombi, tuingie bunge la kaunti, na tukishindwa twende mahakamani. Wa kwanza wanafuata uanakisti (anarchism, yaani kujipanga bila dola wala mtawala) hata kama hawajawahi kulisikia jina hilo. Wa pili wanafuata uanaharakati wa mashinani kama unavyofanywa Kenya tangu Katiba ya 2010.

Uanakisti si fujo, wala si kila mtu kufanya atakalo. Warusi Mikhail Bakunin na Peter Kropotkin, katika karne ya 19, walishikilia kwamba dola haiwezi kutumika kumkomboa mtu kwa kuwa yenyewe ndiyo chombo cha kumtawala. Kutokana na hilo kukazaliwa zana nne: kutenda moja kwa moja badala ya kuomba, kusaidiana, kuamua kwa maafikiano, na kutuma wajumbe wenye agizo ambao wanaweza kurudishwa siku yoyote. Mwanaharakati wa mashinani anaweza kuzitumia zote nne. Kinachowatenganisha ni kwamba yeye bado anaamini serikali inaweza kubanwa itimize wajibu wake, naye mwanakisti anaona kila ushindi wa aina hiyo unaongeza deni kwa mtawala.

Huku magharibi mwa Kenya wazo la kuishi bila mtawala mmoja si geni. Ukiacha ufalme wa Wanga wa Nabongo Mumia, jamii nyingi hazikuwa na mfalme. Wakalenjin waliamua mambo ya ujirani katika kokwet, Waluo walilimiana kwa saga, na nyoluoro ya akina mama bado inazungusha pesa Kisumu pasipo muhuri wa mtu. Lakini tusidanganyane. Kokwet ilikuwa baraza la wazee wa kiume, na wanawake na vijana waliamuliwa. Anayekuuzia uanakisti kama kurudi kwa mababu, muulize nani alikuwa anapika wakati wa kikao.

Lundha na Malakisi

Chaguo hili limewahi kufanywa huku, na matokeo yake yanajulikana. Desemba 1921, umati ulikusanyika Lundha, Gem, ukaanzisha Young Kavirondo Association, ambayo wananchi waliiita Piny Owacho. Walilalamikia kipande walicholazimishwa kubeba, ushuru uliopandishwa, kambi za kazi, na hatua ya kuifanya Kenya koloni mwaka 1920. Lilikuwa vuguvugu la umma lenye hasira na nguvu. Kufikia 1923 lilikuwa limegeuzwa kuwa Kavirondo Taxpayers Welfare Association, na rais wake alikuwa Archdeacon Walter Owen, mmisionari Mwingereza. Ajenda ikahamia kwenye vyoo, panya, upandaji miti na barua za heshima kwa serikali. Vyoo viliokoa maisha, hilo halina ubishi. Ila suala la koloni halikurudi mezani kwa nguvu ile ile.

Upande wa Bungoma, Elijah Masinde na Dini ya Msambwa walikataa kabisa kuingia katika mfumo. Februari 1948 polisi waliwafyatulia waumini risasi Malakisi, dini ikapigwa marufuku, Masinde akafungwa. Serikali ya uhuru nayo ilikuja kuipiga marufuku tena.

Basi hatari ni mbili. Mwenye cheti huporwa. Asiye na cheti huvunjwa. Mengi yanayofuata hapa yanahusu jinsi ya kuchelewesha moja au nyingine.

Namba 10

Sheria ya Vyama (Sura 108) huanza kuhesabu kwa watu 10. Chama cha watu 10 au zaidi ambacho hakijasajiliwa wala kusamehewa usajili ni haramu kwa maandishi ya sheria hiyo. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 nayo inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua 10. Vikundi vingi vya akiba na mazishi haviko kwenye daftari lolote na hakuna anayevigusa, mpaka siku vinapomkera mwenye nguvu.

Waanakisti hupenda kujipanga kwa duara dogo la watu 5 hadi 8 wanaojuana, kila duara likiunganishwa na mengine kupitia mjumbe mmoja. Ukubwa huo uko chini ya 10, lakini usiuchukulie kama kinga. Kosa la kukusanyika isivyo halali chini ya Sheria ya Adhabu huanzia watu 3, na afisa anayetaka kukushtaki hakosi kifungu.

Kujisajili si kugumu. Mnafanya mkutano wenye kumbukumbu zinazoonyesha mmeamua kusajili, mnaandika katiba, mnatengeneza orodha ya wanachama yenye namba za vitambulisho na saini, mnachagua maafisa, mnapeleka kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo. Kosa kubwa hufanyika kwenye cyber: mtu anachapisha katiba ya kikundi kingine na kubadilisha jina tu. Katiba hizo za kunakili humpa mwenyekiti, katibu na mweka hazina mamlaka yote, na muhula wa miaka mitatu au zaidi. Hakuna mahali panapowalazimisha kufanya hivyo. Andikeni kwamba maafisa ni watekelezaji tu, kwamba wanabadilishwa kila miezi 6, kwamba matumizi yoyote yanayozidi KSh 5,000 yanaamuliwa na mkutano, na kwamba mkutano unaweza kumwondoa afisa bila kusubiri muhula uishe. Mkifanya hivyo mna cheti mkononi na zana za kianakisti ndani yake. Vikundi vichache hujisumbua kufanya hivi, na ndiyo maana vingi huishia kuwa mali ya mtu mmoja.

Kuamua

Hapa ndipo uanakisti unapoonekana mzuri kwenye karatasi na mgumu Jumapili jioni. Maafikiano hayamaanishi kuongea mpaka watu wachoke. Yana mpangilio wake. Mtu anatoa pendekezo kwa sentensi mbili au tatu. Maswali ya kufafanua yanaulizwa, bila hoja za kupinga. Kisha wasiwasi unatajwa, mmoja baada ya mwingine, na kuandikwa. Pendekezo linarekebishwa. Mwongoza kikao anapima: nani anakubali, nani hakubaliani lakini hatazuia, nani anazuia. Kuzuia kunahitaji sababu inayogusa lengo la kundi, si chuki ya mtu na mtu. Likikwama mikutano miwili mfululizo, amueni kwa kura ya robo tatu. Kanuni hii ya mwisho iandikwe mapema, wakati hakuna ugomvi, la sivyo mtu mmoja mwenye kichwa kigumu atawashika mateka.

Njia hii inafanya kazi vizuri kwa watu kama 15. Wakifika 30, wanaozungumza ni sita wale wale. Suluhisho ni kugawanyika kwenye duara ndogo, kila moja ijadili, kisha wajumbe wakutane wakiwa na agizo la duara zao. Mjumbe aliyetumwa kusema "hatuhami" hana ruhusa ya kurudi na "tumekubali kuhama kwa fidia." Anarudi kuuliza. Hilo huchelewesha mambo, na huwakasirisha sana maafisa wa kaunti waliozoea kumaliza mazungumzo na mtu mmoja ofisini.

Linaloharibu zaidi ni uongozi uliofichika. Kundi linasema halina kiongozi, lakini yuko mtu mwenye simu nzuri, bando, Kiingereza, na ndiye admini wa WhatsApp. Huyo ndiye kiongozi, ila hakuchaguliwa na kwa hiyo hawezi kuondolewa. Katika kikundi chenye cheti, mwenyekiti mbaya angalau anajulikana jina lake na siku ya uchaguzi wake. Kundi lisilo na uongozi rasmi linapaswa kuandika kazi zote kwenye karatasi moja, zikiwemo kuwa admini, kushika kumbukumbu, kuongea na wanahabari, kutunza pesa na kuongoza kikao, na kuzizungusha kila baada ya miezi mitatu bila kumsamehe mtu eti kwa sababu "anaijua sana."

Jambo la saa nalo si dogo. Kikao kikianza saa kumi na moja na kuvuta hadi saa mbili usiku, mama mboga na wenye watoto wameshaondoka, na wanaoamua ni vijana wa kiume wasio na jiko la kuwasubiri. Wekeni kikomo cha dakika 90, na maamuzi ya pesa yafanywe nusu ya kwanza.

Kikundi cha kawaida kinachopiga kura kwa kuinua mikono huamua haraka. Kwa barua inayotakiwa kesho asubuhi, kura inatosha. Kwa jambo litakalowaweka watu hatarini, kama kugoma kulipa kodi ya nyumba, kura ya 21 kwa 19 haina maana yoyote, kwa sababu wale 19 watalipa.

Pesa

Watu 40 wakitoa KSh 20 kwa siku, mwezi wa siku 30 unaleta 24,000. Si nyingi, lakini ni zenu, zinaingia kila mwezi, na hakuna anayeweza kuwaambia zitumike kwa warsha. Udhaifu wake ni kwamba tukio moja linazimaliza. Vijana wanne wakitozwa dhamana ya 10,000 kila mmoja, mko chini kwa 16,000 na bado hamjalipa nauli ya kwenda kortini.

Kundi lisilosajiliwa kwa kawaida huweka pesa kwenye M-Pesa ya mtu mmoja. Hapo ndipo makundi mengi hufia, na mara nyingi si kwa wizi. Mtunza pesa ana mtoto mgonjwa, anakopa 3,000 akitarajia kurudisha Ijumaa, na Ijumaa haifiki. Kama hamtaki akaunti ya benki, gawanyeni pesa kwa watunzaji watatu, kila mmoja atume picha ya salio kwenye kundi kila Jumamosi, na akiba isizidi kiasi ambacho kundi linaweza kustahimili kukipoteza. Kikundi chenye cheti kinafungua akaunti yenye watia saini watatu, wawili wakihitajika kutoa. Kwa kiasi chochote kinachozidi 50,000, hatuoni sababu ya kuikwepa benki kwa ajili ya itikadi.

Pesa za wafadhili ni habari nyingine. Zinakuja na mradi wa miezi 12, bajeti yenye mafungu, na ripoti. Mwaka wa kwanza watu wanapata nauli na posho ya kikao. Mwaka wa pili anayekuja kwenye kikao bila posho anaonekana mjinga. Mwaka wa tatu mfadhili anahamia mada nyingine, na kikundi kilichokuwa kinajaza ukumbi hakipati watu 10 wa kutimiza akidi. MCA (mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti) naye ana mbinu iyo hiyo kwa bei nafuu: hema, viti, na "kitu kidogo cha akina mama." Mkipokea, pokeeni kwa matumizi ambayo kukatika kwake hakuwezi kuua kundi, kama vile kununua tangi. Msipokee mishahara wala posho.

Polisi, notisi na seli

Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha maombi kwa amani na bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka mwandalizi ampe taarifa mkuu wa kituo cha polisi (OCS), siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla, ikitaja jina na anwani yake, tarehe, saa na mahali au njia. Maandamano yawe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Hiyo ni taarifa, wala si maombi ya kibali. Sababu ya afisa kuikataa ni kwamba tayari amepokea taarifa nyingine ya mahali na wakati ule ule. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri mbele yenu. Wakikataa kuigonga, pigeni picha ofisi na mwandike saa.

Wenye cheti hutoa taarifa hii, na wanapata kitu cha kuonyesha hakimu. Gharama yake ni kwamba jina la mtu mmoja liko kwenye meza ya OCS siku tatu kabla. Waanakisti huikataa kwa sababu hiyo hiyo: mwandalizi akijulikana, maandamano yanazimwa kwa kumkamata usiku uliotangulia. Sababu zote mbili ni za kweli. Kwetu, taarifa inafaa kwa maandamano ya kina mama wa soko, wazee na watoto wa shule, ambao hawawezi kukimbia. Kwa kikao cha ndani ya ploti, kufanya usafi au kugawa chakula, kumwandikia OCS ni kumkaribisha.

Kwa njia zote mbili andaeni msaada wa wanaokamatwa kabla, si baada. Mtu mmoja abaki nyumbani na orodha ya majina na simu ya wakili. Namba ya wakili iandikwe mkononi kwa kalamu, maana simu itachukuliwa. Mkamatwa apelekwe kortini ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiisha wakati korti imefungwa, inakuwa siku inayofuata ya korti. Ukikamatwa Ijumaa jioni, hesabu Jumatatu. Ulizeni namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), na dhamana ikilipwa kituoni dai risiti. Aliyeumia apate matibabu na fomu ya P3, ile ya polisi ya kurekodi majeraha, mapema, kabla majeraha hayajapona. Moshi wa machozi unasuuzwa kwa maji safi mengi. Dawa ya meno na maziwa havisaidii.

Ushuru uliorudi mara mbili

Miaka ya 2023 na 2024 iliweka njia hizi mbili kwenye mzani mmoja. Okiya Omtatah, mwanaharakati wa miaka mingi ambaye sasa ni seneta wa Busia, pamoja na wenzake, walikwenda kortini dhidi ya Sheria ya Fedha ya 2023. Novemba 28, 2023 Mahakama Kuu ikafuta ushuru wa nyumba (makato ya mshahara ya kujengea nyumba za bei nafuu). Bunge likatunga sheria mpya, na kufikia Machi 2024 ushuru huo ulikuwa umerudi. Julai 31, 2024 Mahakama ya Rufaa ikaifuta Sheria ya Fedha ya 2023 nzima, hasa kwa kasoro ya ushirikishwaji wa umma. Oktoba 29 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Wakati huo huo barabara zilikuwa zimejaa. Vijana wa Juni 2024 walisema hawana kiongozi, hawana chama, hawana kabila, na waliandamana Nairobi, Kisumu, Nakuru, Eldoret, Kakamega. Hapakuwa na mtu wa kuitwa Ikulu kunywa chai. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipitishwa Juni 25 na siku iliyofuata Rais akatangaza hatautia saini. Wiki mbili baadaye akalivunja karibu baraza lote la mawaziri. Hakuna ombi la bunge lililowahi kufanya hivyo kwa kasi hiyo. Bei yake ilikuwa damu: kufikia Julai 1, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu vifo 39 na watu 627 waliokamatwa. Na Desemba 2024, barabara zikiwa tulivu, sheria nyingine ya marekebisho ya kodi ilitiwa saini ikiwa na baadhi ya mapendekezo yale yale.

Korti ilishinda, ushuru ukarudi. Barabara ilishinda, ushuru ukarudi. Barabara haisomi miswada mwezi Novemba, na korti haiwezi kumtisha mbunge. Anayekuambia njia moja ilitosha ana kitu cha kuuza.

Shida yenu ni ipi?

*Bajeti, kalvati, taa, zahanati.* Hapa njia ya karatasi haina mpinzani, lakini kalenda ndiyo kila kitu. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hupelekwa bungeni kufikia Septemba 1, waraka wa sera ya fedha Februari 28, makadirio ya bajeti Aprili 30. Ukileta hoja ya kalvati mwezi Mei umechelewa, hata kama uko na watu elfu. Kwenye kikao cha ushirikishwaji, saini yako ya mahudhurio inaweza kutumika kama ushahidi kwamba mlikubali. Leteni maoni yenu yameandikwa, nakala mbili, moja igongwe muhuri, na kando ya saini andika "sikukubaliana." Mkihitaji hati, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu, au saa 48 kama ni suala la uhai au uhuru wa mtu. Zikipita, malalamishi yanakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Ombi la bunge liwe kwa Kiswahili au Kiingereza, bila kufutwafutwa. Lieleze mmeshajaribu wapi na mkajibiwa nini, na kama jambo liko kortini. Mada irudiwe juu ya kila karatasi ya saini, na mwisho liseme waziwazi mnachotaka. Asiyejua kuandika aweke kidole gumba. Maombi mengi hukwama kwa sababu yanaeleza uchungu kurasa nne na hayaombi chochote kinachoweza kupigiwa kura.

*Maji.* Nyalenda ina mfano wa katikati unaostahili kutazamwa. Kampuni ya maji ya Kisumu huuza maji kwa jumla kupitia mita kuu, na kikundi cha mtaa kinasambaza, kusoma mita ndogo, kukusanya pesa na kuziba mivujo midogo. Ni kujiendesha, ila bili ya juu haijiendeshi. Mita kuu ikisoma uniti 500 na za vioski zote zikijumlishwa ni 380, kikundi kinalipa 120 zilizopotea njiani. Kwa hiyo someni mita zote siku moja, saa moja, kila wiki. Pengo likizidi sehemu moja kwa tano, tembeeni na bomba kabla hamjaanza kulaumiana. Mwanakisti atasema bomba lote liwe la wakazi. Ni wazo zuri mpaka pampu iungue.

*Kodi ya nyumba.* Hapa tunaegemea uanakisti bila kusita. Mahakama ya kodi za nyumba inashughulikia nyumba zisizozidi KSh 2,500 kwa mwezi, na nyumba za bei hiyo zinapungua. Nguvu ya mpangaji ni ploti nzima. Vyumba 12 vikikataa nyongeza pamoja, mwenye nyumba anapoteza mapato yote. Vikikataa vitatu, anaweka kufuli tatu. Lipeni kiasi cha zamani kwa wakati na mtunze ujumbe wa malipo. Akikataa kupokea, pesa ziwekwe kando pamoja, zisiguswe. Mgomo ambao wapangaji wamezila pesa za kodi huisha wiki ya sita kwa watu kuhama usiku.

*Kuondolewa kwenye ardhi.* Katiba ya kundi haitazuia tingatinga, na wakazi wa Kibos, Kisumu, walibomolewa Februari 2021. Sheria ya Ardhi inataka notisi ya maandishi ya miezi 3, na anayepewa notisi anaweza kuomba korti izuie. Hati za kiapo zinahitaji majina halisi, ramani, risiti, picha zenye tarehe. Zianzeni siku alama za rangi zinapoonekana ukutani. Lakini amri ya korti haina miguu. Wanaoamka saa tisa usiku kupiga filimbi na kuipeleka amri kwa dereva wa tingatinga ni lile duara la watu wanane.

*Mtu aliyeuawa na polisi.* Karatasi, tena karatasi: OB, uchunguzi wa maiti ukiwa na daktari wa familia, malalamishi kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia mienendo ya polisi. Uchunguzi wa korti ya Kisumu kuhusu mtoto wa miezi sita aliyefariki baada ya msako wa polisi Nyalenda, Agosti 2017, uliisha Februari 2019, na hiyo ilikuwa hatua ya kwanza tu. Familia haiwezi kubeba miaka hiyo peke yake. Kumsindikiza shahidi kortini, kumlipia nauli, kukaa naye akipigiwa simu za vitisho, hakuna ofisi inayofanya hayo kwa uhakika kuliko majirani.

Mkiamua kuchanganya

Kwa mitaa mingi ya Kisumu na Nakuru tungependekeza kundi liwe la duara, lisilo na cheti, na kando yake kuwe na kikundi kidogo kilichosajiliwa chenye kazi tatu tu: akaunti ya benki, ombi la bunge, na kesi. Maafisa wake watoke kwenye duara kwa zamu na wasiongee na mwanahabari wala MCA bila agizo.

Mpangilio huu huharibika kwa njia moja inayotabirika. Mwenye muhuri huanza kualikwa kwenye hoteli, halafu anaanza kuitwa mwenyekiti, halafu anaamini. Muhuri ukae kwa mtu asiye mtia saini wa benki. Kila barua isomwe kwenye duara kabla haijatoka, hata kama ni fupi. Katiba itaje tarehe ambayo kikundi kitavunjwa, tuseme miaka miwili, isipokuwa mkutano wa duara zote uamue kukiendeleza kwa robo tatu, na itaje pesa zitakazobaki zitakwenda kwa nani. Mkishindwa kukubaliana juu ya hilo la mwisho mkiwa hamna hata shilingi, msisajili bado.